Uzi: Miaka 25 ya "Is This It" ya The Strokes, na kwa nini sikio la Nairobi linaidaka upesi

Kamba_ya_Tatu (mwanzisha uzi)

Wasee, albamu ya kwanza ya The Strokes inafikisha robo karne mwaka huu wa 2026. Australia waliipata 30 Julai 2001, Uingereza 27 Agosti, na Wamarekani wenyewe, wenye bendi, wakangojeshwa sidi hadi 9 Oktoba. Kilichowangojesha kina mabishano yake. Nakiacha kwanza, najua humu yuko mtu atakayekichokoza.

Wanaoandika mambo ya muziki watatuletea yale yale: vijana watano wa New York waliofufua roki, koti za ngozi, suruali za kubana. NME, jarida la muziki la Uingereza, waliipa 10 kwa 10 ilipotoka, na mwaka 2009 wakaiweka ya kwanza kati ya albamu za muongo mzima. Alex Turner wa Arctic Monkeys alifungua albamu yao ya 2018 kwa kuimba kwamba alichotaka ni kuwa mmoja wa The Strokes. Sawa, heshima wanayo. Mimi lakini koti haikunishika. Kilichonishika ni magitaa, na nadhani ni kwa sababu nililelewa na redio ya nyumba yenye benga asubuhi na rumba jioni.

Chukua spika za masikio, zote mbili, uweke "Last Nite". Gitaa moja limekaa upande huu, la pili upande ule. Hakuna hata moja linalojaza chumba kwa kordi nzito za kunguruma, na kumbukeni huo ni mwaka 2001, Linkin Park wako kila mahali na gitaa la roki ni ukuta mzima wa kelele. Hapa Nick Valensi anatoa noti nyembamba, moja moja. Albert Hammond Jr. ameshika ridhim, mkono haupumziki. Wanafanya kazi kama dereva na makanga waliozoeana: hakuna anayeangalia mwenzake na gari haligongi mtu. Funika sikio moja uone. Wimbo unabaki na shimo.

Sasa niambieni hiyo si hesabu tunayoijua. Solo, ridhim, besi inayotembea na safari yake, ngoma zilizonyooka. Magitaa ya benga yalijifunza kuongea kutoka kwa nyatiti, chombo cha nyuzi nane, ndiyo maana noti zinadonolewa badala ya kurushwa kwa fungu. Mtu aliyekulia kwa Shirati Jazz ya D.O. Misiani hahitaji kuelezwa kwa nini "Someday" inachezeka. Mguu unajua kabla yake.

Jambo langu la mwisho, halafu mnirarue. Albamu nzima ina nyimbo 11 na haifiki dakika 40. Zile santuri ndogo za benga, za 45, zilikuwa na upande wa kwanza wa maneno na upande wa pili ambapo gitaa linafunguliwa kamba na kukimbia. Hawa The Strokes wanakupa upande wa kwanza, halafu wanazima. Kila mara. Wanajua unataka upande wa pili na wanakunyima. Mimi nasema huko kunyimana ndiko kumeifanya ipendwe miaka 25.

Chipukizi_Rongai

Nafuatilia.

Mtoto_wa_Kaloleni

Kamba, umeandika vizuri lakini umetuficha jambo. Hawa ni watoto wa mabwanyenye. Baba yake Julian Casablancas, mwimbaji wao, ndiye John Casablancas, mwanzilishi wa Elite, kampuni ya wanamitindo. Baba yake Hammond ni Albert Hammond, mtunzi wa nyimbo zilizovuma dunia nzima. Hao wawili walikutana wapi? Le Rosey, Uswisi, shule ya bweni ambako wafalme hupeleka watoto. Halafu wanavaa koti iliyochakaa na sisi tunaambiwa ni sauti ya mtaa.

Misiani alitupwa ndani kwa sababu ya maneno ya nyimbo zake. Zaidi ya mara moja. Kuwaweka kwenye sentensi moja na hawa ni kumkosea marehemu.

Kamba_ya_Tatu

Mtoto wa Kaloleni, hayo ya baba zao yote ni kweli na sikuyaficha, sikuona yanaingia wapi kwenye ridhim. Karo ya Uswisi haimfundishi mtu kupiga "Hard to Explain". Hawa walikuwa wanafanya mazoezi usiku, siku baada ya siku, mpaka yule aliyekuwa akipanga bendi za kupiga kwenye ukumbi wa Mercury Lounge, Ryan Gentles, akaacha kazi yake akawa meneja wao. Mtu haachi mshahara kwa sababu ya koti.

Na tuwe wakweli kuhusu hapa kwetu. Roki ya Nairobi imebebwa na nani? Angalia bendi zilizokuwa zikipigwa enzi za XFM, ile redio ya roki. Wengi walitoka nyumba zenye gereji ya kufanyia mazoezi na majirani walio mbali. Gitaa la umeme, amplifaya, seti ya ngoma, hiyo ni pesa. Hatukuwazomea kwa hilo. Tuliwazomea walipopiga vibaya.

Kuhusu Misiani, sikumlinganisha mtu na mtu. Nililinganisha magitaa.

Fundi_wa_Spika

Mnazungumza magitaa mnasahau chumba. Mimi ni mtu wa studio, wacha niseme langu.

Albamu hii ilirekodiwa kwenye studio ya chini ya ardhi, East Village, Manhattan. Jina lake Transporterraum, na prodyuza ni Gordon Raphael. Kabla yake walikuwa wamejaribu na Gil Norton, prodyuza aliyetengeneza kazi kubwa za bendi ya Pixies. Jina zito. Ikatoka safi mno, wakaitupa, wakarudi kwa Raphael ambaye hakuna aliyekuwa akimjua. Pima ujasiri wa bendi changa kufanya hivyo.

Raphael aliwaweka wapige pamoja, chumba kimoja, maikrofoni chache mno kwenye ngoma. Sauti ya Casablancas ikapitishwa kwenye amplifaya ndogo ya mazoezi ya Peavey, ndiyo maana anasikika kama mtu anayekupigia simu kutoka baa. Fabrizio Moretti ni binadamu anayepiga ngoma kwa mikono, lakini kwenye "Hard to Explain" zimekazwa na kukatwa mpaka utaapa ni mashine. Hiyo inataka nidhamu ya ajabu. Mpiga ngoma yeyote humu anajua ilivyo vigumu kukaa dakika tatu bila kujionyesha.

RCA, kampuni yao ya rekodi, walipoisikia hawakufurahi. Waliona ni kazi ya watu wasiojua. Bendi ikashikilia hapo hapo.

Sasa Kamba, hapa ndipo ningeanzia hoja yako ningekuwa wewe. Studio zetu za River Road zilirekodi hivyo hivyo. Bendi nzima inaingia, maikrofoni zinahesabika, mnapiga mkiangaliana, mkikosea mnaanza upya wote, kwa sababu hakuna kurekodi kipande peke yake na kukipachika baadaye. Kule ilikuwa ni uhaba. Hawa walikuwa na kampuni kubwa nyuma yao na pesa ya kufanya vingine, wakauchagua ule uhaba. Mtoto wa Kaloleni ana haki ya kukasirika kidogo hapo. Lakini masikio yangu hayajali nani alilazimika na nani alichagua. Ukiweka wapiga vyombo watano kwenye chumba kidogo na wasipate pa kujificha, wanajifunza kuachiana nafasi.

Mtoto_wa_Kaloleni

"Waliuchagua uhaba." Hiyo nitaichapisha kwenye fulana.

Mzee_Ridhim

Vijana, hamjambo. Mimi nilipiga ridhim kwenye baa za mji huu miaka ya themanini, bendi sitaitaja, wengi wao wameshatangulia. Mjukuu wangu amenionyesha uzi huu. Nimesoma, na kuna mahali nataka kumvuta Kamba shati.

Kijana wangu, benga hujaieleza. Katika benga, solo linazungumza na mwimbaji. Mwimbaji akimaliza mstari, gitaa linauchukua na kuurudia kwa njia yake, kama linamthibitishia au linamcheka. Hao watu wako, nimewasikiliza nyimbo mbili, magitaa yanazungumza yenyewe kwa yenyewe na mwimbaji yuko kando anajilalamikia. Hiyo iko karibu zaidi na rumba ya Nairobi.

Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Watu wanaimba maneno yake harusini, lakini ule wimbo ni ridhim ya Omar Shabani. Itoe, hakuna wimbo. Na chini yake Tom Malanga anapiga besi ambayo ungeweza kuiimba peke yake njiani. Solo linakuja baadaye kama mgeni. Simba Wanyika walikuwa hivyo pia, wale ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga. Kazi ya gitaa la ridhim ilikuwa kulibeba jina la wimbo.

Na hili la kuwanyima watu upande wa pili, nitakwambia kwa nini sisi hatukuthubutu. Ni mwenye baa. Watu wakicheza wanapata kiu, wakipata kiu wananunua. Wimbo ukiwa wa dakika tatu wanarudi kukaa, wanaanza kuhesabu nauli. Sebene, ile sehemu ndefu ya magitaa na kucheza, ilikuwa ni mshahara wetu. Tukiwa Garden Square au kokote, wimbo mmoja ungeweza kumaliza robo saa, na ukiukatisha mwenye baa anakuangalia kwa jicho baya. Hawa vijana wa New York hakuna aliyewauliza chupa ngapi zimeuzwa.

Kamba_ya_Tatu

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kuingia. Nakupa la mwimbaji kuwa kando, hilo umelisema vizuri kuliko nilivyoweza. Lakini la benga sikuachii lote. Ule mdonoo wa Valensi, noti moja moja juu kabisa ya shingo ya gitaa, sauti kavu isiyo na mawingu, huo ninausikia kwa Misiani kuliko kwa Wanyika. Wanyika wana ulaini. The Strokes hawana ulaini.

Pia kuna hili: nyimbo zote ziliandikwa na Casablancas, mwimbaji. Kwa hiyo yale mazungumzo ya magitaa unayoyasikia yametoka kichwani mwa mtu asiyeshika gitaa jukwaani. Kwa bendi zetu ilikuwa hivyo?

Mzee_Ridhim

Marahaba. La, haikuwa hivyo. Mtunzi alileta maneno na sauti, sisi tulitafuta magitaa yetu pale pale mazoezini. Ungemwambia mpiga solo wa siku hizo cha kupiga noti kwa noti, angekuachia kamba zako aende bendi nyingine wiki hiyo hiyo.

Dada_wa_Santuri

Hamjambo nyote. Mzee, heshima. Mimi nakusanya santuri, nikikosa Melodica pale Tom Mboya mtanipata Kenyatta Market nimepiga magoti kwenye maboksi. Naona hakuna aliyechokoza kile Kamba alichokiacha, basi nakichokoza mimi.

Kwanza jalada. La asili ni picha ya Colin Lane: kiuno cha mwanamke kutoka upande na mkono uliovaa glavu ya ngozi nyeusi. Kwa Marekani wakaweka badala yake picha ya njia za chembe ndogo ndogo za fizikia, kutoka CERN, ile maabara ya Ulaya. Casablancas mwenyewe aliipenda hiyo ya pili zaidi. Mimi pia. Ile ya kwanza imezeeka vibaya, samahani kwa mashabiki.

Pili, wimbo. Upo unaoitwa "New York City Cops", na kiitikio kinasema waziwazi kwamba polisi wa mji huo hawana akili sana. Sidi ya Marekani ilipangwa mwishoni mwa Septemba 2001. Tarehe 11 minara ikaanguka. Polisi 23 wa New York walikufa siku ile, wengi wakiwa ndani wanatoa watu. Albamu ikasogezwa hadi Oktoba, wimbo ukatolewa, ukawekwa "When It Started". Ila santuri ya Marekani ilikuwa na tarehe ya kutoka ile ile 11 Septemba, na wimbo umo. Kwa hiyo nchi moja, albamu moja, ukinunua santuri unapata wimbo, ukinunua sidi huupati. Uingereza hawakugusa kitu.

Swali langu kwenu: walifanya vizuri kuutoa?

Mtoto_wa_Kaloleni

Hapana. Ukishaimba umeimba. Kama polisi walikuwa wajinga Agosti, msiba wa Septemba hauufuti wimbo. Nyimbo nyingi tu za kuwasema wakubwa zingepotea kwa kisingizio cha heshima. Hapa mwanamuziki Joseph Kamaru aliimba kuhusu kifo cha J.M. Kariuki, mwanasiasa aliyeuawa, mwaka 1975 na Sauti ya Kenya, redio ya taifa, ikaufungia wimbo. Nao wangesema ni kwa ajili ya utulivu wa taifa lililofiwa.

Dada_wa_Santuri

Ndugu yangu, hapo umechanganya mambo mawili. Wimbo wa Kamaru ulifungiwa na wale wale ambao wimbo ulikuwa ukiwauliza maswali. Huu uliondolewa kwa ajili ya waliokuwa wakichimbuliwa chini ya kifusi. Tulikuwa mji huu 7 Agosti 1998, siku ya bomu la ubalozi wa Marekani. Zaidi ya watu 200 walikufa pale Haile Selassie na Moi Avenue. Fikiria wiki tatu baadaye mtu anauza wimbo mpya wa kuwacheka wale waliokuwa wakifukua kwa mikono. Hata kama aliurekodi Machi. Hata kama ni wimbo mzuri. Nani angeununua?

Mtoto_wa_Kaloleni

Kutoununua ni uamuzi wa mnunuzi. Kuuondoa ni kumwamulia.

Fundi_wa_Spika

Nyote mnapita kando ya jambo moja: wimbo uliowekwa mahali pake ni dhaifu. "When It Started" si mbaya, lakini mahali pale kwenye albamu, baada ya "Hard to Explain", panataka kitu chenye meno. Ndipo albamu inapopandisha kabla ya kushuka. Wamarekani wa sidi walisikia albamu tofauti na tuliyoisikia sisi wengine, na nadhani ndiyo maana Waingereza waliipenda haraka zaidi. Uingereza ilifika nafasi ya 2, Marekani ikaishia ya 33.

Dada_wa_Santuri

Nafasi ya 33 si kwa ajili ya wimbo mmoja, Fundi. Waingereza walikuwa wameshapewa ile ya nyimbo tatu, "The Modern Age", na kampuni ya rekodi ya Rough Trade tangu Januari. NME wakapiga tarumbeta miezi minane. Ukipigiwa tarumbeta miezi minane utaingia dukani tu.

Kamba_ya_Tatu

Mimi niko katikati na sioni aibu. Kuutoa Oktoba 2001 ilikuwa adabu. Adabu ina muda wake lakini, na wimbo wenyewe haukufa: Februari 2020 walipiga kwenye mkutano wa kampeni ya Bernie Sanders huko New Hampshire, mashabiki wakapanda jukwaani, polisi wakapanda kuwatoa, na bendi ikawa inapiga "New York City Cops" polisi wakiwa wamesimama hapo hapo katikati yao. Tafuteni video.

Mtoto_wa_Kaloleni

Hiyo nimeiona sasa hivi. Yule afande upande wa kushoto anatikisa kichwa kidogo au ni mimi?

Chipukizi_Rongai

Samahani wakubwa. Mimi mwaka 2001 nilikuwa sijazaliwa. Nimeijua bendi kupitia "The New Abnormal", ile ya 2020 waliyofanya na prodyuza Rick Rubin ikawapa Grammy. Nikarudi nyuma kusikiliza hii ya kwanza na nikaona nyimbo zote zinafanana. Nianzie wapi ili nisikie mnachosikia?

Fundi_wa_Spika

Usianzie kwa magitaa. Anzia wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, ufuate besi ya Nikolai Fraiture tu. Wimbo ni wa polepole, mwimbaji ana usingizi, na besi ndiyo inayobeba muziki wote. Ukishaipata, usiiachie, nenda nayo mpaka "Someday". Nyimbo zitaacha kufanana.

Kamba_ya_Tatu

Naunga mkono. Halafu ukifika "Last Nite" jua kwamba ule mwanzo waliuazima kwa Tom Petty, wao wenyewe walikiri na mzee Petty akacheka, hakumshtaki mtu. Na solo la wimbo huo ni la Hammond, mtu wa ridhim. Valensi akamwachia. Hapo ndipo utajua ni bendi ya aina gani.

Mtoto_wa_Kaloleni

Kuazima mwanzo wa wimbo na hakuna aliyeshtakiwa. River Road wangeshikana mashati.

Mzee_Ridhim

Nimerudi. Mjukuu amenichezea albamu yote kutoka mwanzo, tumekaa sebuleni, mama yake akiuliza ni kelele gani. Nawapa ripoti.

Mwimbaji ni mvivu. Sijui kama ni kweli mvivu au anaigiza, lakini mvivu. Ngoma: kijana ananyooka, nampongeza, ila angekuja kwetu angefundishwa kucheka. Mpiga solo ana mkono mzuri na hana haraka, jambo adimu kwa udogo wa umri ule. Wa ridhim ni mtu wangu. Ule wimbo wa "Someday", mkono wake nimeufuata mwanzo hadi mwisho na sijaona mahali alipolala.

Wa besi ningemwajiri usiku huu huu.

Lakini Kamba, nyimbo nyingine nimelazimika kurudia mara mbili kwa sababu mguu ulikuwa ndio umeanza. Mjukuu anasema ndivyo zilivyo, zinaisha hivyo hivyo. Mwambieni huyo Casablancas kama bado anapiga, dakika mbili zaidi hazitamuua.

Dada_wa_Santuri

Mzee, nina "Sina Makosa" ya 45 hapa, upande wa pili umekwaruzika kidogo lakini unapiga. Uko mtaa gani?

Mzee_Ridhim

Nitumie ujumbe kando, binti yangu. Na usiusafishe kwa spiriti, wengi wanaharibu hivyo.